Causeway Coastal Route kwa gari: mwongozo kamili wa siku mbili, Belfast mpaka Derry, bila simu kukunyima bahari

Malalamiko ni yaleyale kila msimu. Mtu anatoka Belfast, Ireland ya Kaskazini, asubuhi, anaandika Giant's Causeway, yale mawe maarufu ya nguzo kando ya bahari, kwenye simu, saa moja na kitu baadaye kafika, anapiga picha kwenye mawe, anageuza. Alafu anauliza hiyo barabara ya kando ya bahari inayosifiwa iko wapi, mbona yeye kaona mashamba na malori tu.

Iko palepale, sema simu haikumpitisha huko. Simu inatafuta njia ya haraka, na njia ya haraka ni barabara kuu ya M2 kisha A26, inayokata katikati ya nchi kupitia Ballymena na maji ya bahari huyaoni kabisa. Kwa hiyo kazi kubwa ya safari hii ni kuinyima simu nafasi ya kuchagua, mengine yote yanafuata hapo.

Njia yenyewe ina kilomita kama 195, sehemu kubwa ni barabara ya A2. Usipige hesabu ya highway ukasema ni masaa matatu. Ni kona, ni vijiji, ni trekta mbele yako, na kila baada ya dakika kumi kuna kitu cha kukusimamisha. Siku moja inawezekana ila utakuwa unakimbizana na saa tu. Fanya mbili, ulale Ballycastle.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha gari

Visa sahihi. Ireland ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, hivyo ukishukia Belfast visa ya Uingereza inatosha. Ukishukia Dublin umeingia nchi nyingine, Jamhuri ya Ireland, na hapo Mkenya, Mtanzania au Mganda anatakiwa awe na visa ya Ireland pia, hata kama anaishi London au Leicester kihalali kabisa. Watu wanadanganywa na mpaka, kwa sababu hakuna geti wala askari, unavuka tu na mistari ya pembeni ya barabara inabadilika kutoka nyeupe kuwa njano. Sheria iko palepale hata bila geti.

Leseni. Ya Kenya, Tanzania au Uganda inakubalika kwa miezi 12 ya mwanzo. Ukishakuwa mkazi na miezi hiyo ikapita, hiyo leseni ya nyumbani haikusaidii tena, unatakiwa ufanye mtihani wa huko. Kampuni za kukodisha nazo zina masharti yao ya umri na muda uliokaa na leseni, yasome kabla hujalipa.

Krediti kadi yenye jina la dereva. Wanazuia kiasi cha dhamana, na nyingi zinakataa debiti kadi au kadi ya shemeji yako aliyekaa kiti cha nyuma.

Gari dogo, otomatiki. Usiposema otomatiki utapewa gia za mkono. Na udogo siyo ubahili, utaelewa ukifika barabara nyembamba ya Torr.

Tiketi ya daraja la kamba la Carrick-a-Rede, imenunuliwa mtandaoni na ina saa yake.

Ramani iliyodaunlodiwa, ya Kaunti ya Antrim nzima na ya Londonderry, kaunti ya Derry, kwa sababu mtandao unakatika nyuma ya vilima.

Koti la mvua lenye kofia na viatu vyenye soli inayoshika. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa kule utaugeuza kabla hujaufungua vizuri.

Chukua na sarafu kidogo za maegesho. Hela ni pauni, ila noti utakazopewa kwenye chenji zimechapishwa na benki za Ireland ya Kaskazini, ni pauni halali, lakini maduka mengine nje ya Ireland ya Kaskazini huzikunjia uso. Zitumie zote kabla hujaondoka.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa akili

Mei mpaka Septemba ndo kipindi chenye mwanga. Mwezi wa sita jua linazama kama saa nne usiku, mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni giza limeshaingia, na siku ya namna hiyo haikutoshi.

Kagua tarehe hizi kabla ya kubuku. Mwezi wa tano kuna mashindano ya pikipiki ya North West 200, wanafunga barabara za Portrush, Portstewart na Coleraine kwa ajili ya mbio, yaani barabara hiyohiyo unayotaka kupita. Tarehe 12 Julai ni sikukuu ya maandamano, barabara za miji zinafungwa na maduka mengi pia. Jumatatu na Jumanne ya mwisho ya Agosti Ballycastle wana mnada wao mkubwa, Ould Lammas Fair, ni raha kweli ila chumba hupati. Na Jumapili, maduka makubwa yanafunguliwa saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo vitafunwa nunua Jumamosi.

Umepatia kama: una tarehe, una chumba Ballycastle, na una tiketi ya daraja ya siku ya pili, saa nne asubuhi au karibu na hapo.

## Hatua ya 2: Kulipokea gari

Zunguka gari lote ukichukua video, rimu, vioo vya pembeni, na chini ya bampa la mbele. Barabara za huko zina kuta za mawe zilizobana lami na mikwaruzo ya rimu ndo inayokula dhamana za watu.

Kushoto tunaendesha kama nyumbani, kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia kama nyumbani, kwa hiyo hapo raha. Shida ni spidi. Vibao vya Ireland ya Kaskazini ni maili kwa saa na havijisemi, vinaandika namba tu. 30 ni kama kilomita 48, 40 ni 64, 60 ni karibu 97. Aliyekodi gari Dublin geji yake inasoma kilomita, anaona kibao cha 60 anaendesha 60, nyuma yake foleni ya magari kumi na mtu anapiga honi. Au kinyume chake, gari la Belfast likivuka mpaka, kibao kinasema 80 na dereva anakanyaga maili 80. Hiyo ni faini. Andika hizo namba kwenye karatasi ubandike pembeni ya usukani.

Gari lenye herufi R ya rangi ya chungwa ni la dereva aliyepata leseni karibuni, hatakiwi kuzidi maili 45. Usimsukume.

Mafuta unajaza mwenyewe, hakuna kijana wa kukujazia. Bomba la kijani ni petroli, jeusi ni dizeli, hapo usiende kwa mazoea, soma kifuniko cha tanki kwanza. Kwenye sheli nyingi unajaza kisha unaingia ndani kulipa.

## Hatua ya 3: Ifunge simu mikono

Hii ndo hatua yenyewe, usiiruke.

Usiandike mwisho wa safari. Andika kijiji kimoja, ukifika futa, andika kinachofuata: Carrickfergus, Whitehead, Larne, Ballygally, Glenarm, Carnlough, Waterfoot, Cushendall, Cushendun. Ukiviweka vyote kwa mpigo kama vituo inafanya kazi pia, ila simu nyingine mtandao ukirudi zinapanga njia upya na kukutoa baharini bila kukuuliza. Zima kile kitufe cha kubadilisha njia kukiwa na foleni kama programu yako inacho.

Barabarani fuata vibao vya rangi ya kahawia vilivyoandikwa Causeway Coastal Route. Kibao kikisema kushoto na simu ikasema kulia, sikiliza kibao.

Umepatia kama: ukishapita Larne maji yako mkono wa kulia, karibu kiasi cha kusikia mawimbi ukishusha kioo. Ukiona kibao cha Ballymena mbele yako umeshatoroshwa, geuza.

## Hatua ya 4: Belfast mpaka Larne

Toka na M2, ingia M5, shika A2. Ondoka kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu na nusu ukwepe foleni ya wafanyakazi.

Hapa pa kusimama ni Carrickfergus, ngome iko pembeni kabisa ya maji, nusu saa inatosha. Kuna njia ya miguu ya The Gobbins imepigwa ubavuni mwa jabali huko Islandmagee, ni ya kuongozwa na inahitaji tiketi, na huwa inafungwa mawe yakiporomoka, kwa hiyo iangalie kabla hujaiweka kwenye ratiba. Mimi ningeiacha kwa siku nyingine, inakula nusu siku.

Jaza tanki Larne. Mbele sheli zipo lakini chache na nyingine zinafunga mapema. Wenye magari yao Uskoti, kuna feri ya Cairnryan kuja Larne inachukua kama masaa mawili, unateremka ukiwa mwanzoni kabisa mwa kipande kizuri, umeiruka Belfast nzima.

## Hatua ya 5: Larne mpaka Cushendall, kilomita 40 za kutokimbia

Nje kidogo tu ya Larne unapita chini ya Black Arch, tundu fupi kwenye jabali, na kuanzia hapo barabara imelazwa miguuni mwa majabali, jabali kushoto, ukuta mfupi, bahari kulia. Chokaa nyeupe kwanza, alafu mawe meusi ya volkano juu yake, unaona mpaka ule mstari yanapokutana.

Sasa, kwa kuwa usukani uko kulia, anayekaa upande wa bahari ni dereva, ambaye ndiye pekee asiyetakiwa kuangalia. Kona ni za ghafla na baiskeli ni nyingi. Mkubaliane kabla: anayetaka kuangalia asimamishe. Sehemu za kuegesha nyingi ziko upande wa pili wa barabara, kwa hiyo washa indiketa mapema, subiri nafasi, vuka. Usisimame barabarani ukawasha hazadi eti picha moja tu.

Kuna wanaoshauri uanzie Derry ili upande wa bahari uwe wako. Kwa maegesho wana hoja, lakini ukifanya hivo unafika Giant's Causeway mchana pamoja na mabasi yote ya watalii. Mimi nabaki na Belfast.

Simama Carnlough, ina kibandari kidogo cha mawe meupe na daraja jeupe linalopita juu ya barabara. Ukiwa na nguvu, Waterfoot kata kushoto uingie Glenariff, kuna msitu na maporomoko ya maji, njia ya mbao inapita juu ya korongo, tenga kama saa moja na nusu. Mvua ikinyesha ndo maporomoko yanapendeza, hivo isikuvunje moyo.

Umepatia kama: umefika Cushendall saa sita au saba mchana na bado una hamu.

## Hatua ya 6: Cushendun na uamuzi wa Torr

Cushendun ina mapango ufukweni, dakika tano za kutembea kutoka kijijini. Kula hapo au Cushendall, kwa sababu hatua inayofuata haina mgahawa wa kutegemea.

Kutoka Cushendun kuna njia mbili kwenda Ballycastle.

Ya kwanza ni Torr Road, kibao kinaandika Torr Head Scenic Route. Kama umewahi kupanda Lushoto kutokea Mombo, chukua zile kona, punguza upana wa barabara kwa nusu, ondoa kingo, ongeza kondoo waliolala katikati ya lami. Msafara wa karavani au hayisi kubwa usiingie. Gari dogo linapita vizuri, ila kwa masharti:

Gia ya chini kwenye mteremko, kwa otomatiki weka L au ile ya namba, usiteremke kwa breki peke yake.

Zile sehemu pana za pembeni ni za kupishana, siyo paking. Ukiegesha hapo kupiga selfi umeziba barabara kwa wote wawili, anayekuja na anayetoka.

Mkikutana pua kwa pua, aliye karibu na sehemu pana ndo anarudi nyuma, na desturi anayepanda anapewa nafasi. Kama kurudi nyuma kwenye kona kunakutoa jasho, hii njia siyo yako, na hakuna aibu.

Dereva wa pale akikupita atanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Anakusalimia. Nyanyua na wewe.

Zawadi yake ni Torr Head yenyewe, unasimama na Uskoti iko mbele yako, Mull of Kintyre, kilomita kama 20 tu za maji, siku ya mwanga mzuri unaona mpaka nyumba za upande wa pili.

Njia ya pili ni kurudi A2 inayopanda nyikani. Ukiichagua usijione umekosa. Karibu na msitu wa Ballypatrick barabara inakatiza Loughareema, ziwa linalojaa na kukauka, maji yanateremka kwenye tundu chini ya ardhi. Unaweza kupita asubuhi ni ziwa, ukirudi baada ya siku kadhaa ni tope na nyasi. Mvua, ukungu au giza vikikukuta Cushendun, chukua hii bila mjadala.

## Hatua ya 7: Lala Ballycastle

Samaki na chipsi ufukweni, tembea mpaka mwisho wa bandari, lala mapema.

Mwenye siku ya tatu aitumie kwa feri ya kwenda kisiwa cha Rathlin, hasa kati ya mwishoni mwa Aprili na Julai, ndege wa pafini wanapokuwa wamejaa kwenye majabali ya upande wa magharibi. Gari linabaki Ballycastle.

## Hatua ya 8: Giant's Causeway kwanza, saa moja asubuhi

Hapa wengi wanafuata ramani, daraja kwanza kwa sababu liko karibu, na wanafika kwenye mawe saa tano, wakati huohuo mabasi kutoka Belfast na Dublin yanamwaga watu. Fanya kinyume. Nenda moja kwa moja mpaka kwenye mawe, kilomita kama 20, kisha rudi nyuma kwenye daraja. Unapoteza kama nusu saa ya kuendesha, unapata mawe ukiwa na watu wachache tu.

Jambo ambalo watu hulipia bila kujua: kuingia kwenye mawe ni bure. Unacholipia ni maegesho na kituo cha wageni. Kutoka juu mpaka chini ni kama kilomita moja, lami, mteremko wa kawaida, na kuna basi dogo la kulipia kwa wasioweza kupanda kurudi.

Nguzo ziko kama 40,000, nyingi zina pande sita, na ukisogea unaona juu ya nguzo kuna kibonyeo kinachotuamisha maji ya mvua na chumvi. Hapo kanyaga kwa adabu. Mawe yaliyokauka ni ya kijivu na yanashika kiatu, yaliyo meusi yanayong'aa karibu na maji yana utelezi na ndo yanayovunja watu viuno. Usiipe bahari mgongo kwa ajili ya picha, wimbi kubwa linakuja baada ya madogo mengi na halina salamu.

Kurudi juu, kama magoti yanaruhusu, endelea mbele kwa njia ya chini upite nguzo ndefu za Organ, upande ngazi 162 za Shepherd's Steps na urudi kwa njia ya juu ya jabali. Ukiwa juu ndo unaona umbo zima la ile ghuba, chini hulioni.

Umepatia kama: unaondoka na basi la kwanza kubwa linaingia.

## Hatua ya 9: Carrick-a-Rede na Ballintoy

Daraja la kamba lina urefu wa mita 20, na chini yake mita 30 ni maji na mawe. Kutoka maegesho unatembea kama kilomita moja na ngazi zipo. Upepo ukizidi wanalifunga, kwa hiyo angalia taarifa asubuhi kabla hujatoka. Kwa wanaoogopa: angalia bega la aliye mbele yako, shika kamba zote mbili, tembea usisimame. Kumbuka njia ya kurudi ni hiyohiyo.

Bandari ya Ballintoy iko jirani, barabara inashuka kwa kona kali na chini nafasi ya magari ni finyu. Ukifika juu ukaona magari yanapanda kwa tabu, subiri au tembea kwa miguu. Alafu White Park Bay, ufukwe mpana wenye mchanga mweupe na mara nyingi ng'ombe wamelala juu yake kama wao ndo watalii. Tembea tu, usiogelee, mikondo ya pale inavuta mtu.

## Hatua ya 10: Dunluce, Portrush, Downhill

Baada ya Bushmills, magofu ya Dunluce yanatokea kulia, yako juu ya mwamba unaoning'inia baharini. Picha nzuri haitoki getini, inatoka kwenye sehemu ya kutazamia ya Magheracross, mbele kidogo ukielekea Portrush.

Portstewart Strand wanaruhusu kuingiza gari mchangani kwa malipo. Watu wa huko wanafanya kila siku. Wewe wa gari la kukodi soma mkataba kwanza, mingi haigharamii gari lililozama mchangani.

Kuvuka mto Bann lazima uingie Coleraine, kisha Castlerock, kisha Downhill, pale Mussenden Temple, kijengo cha duara kimekaa ukingoni mwa jabali. Panda Bishop's Road mpaka Gortmore, chini yako ufukwe wote wa Benone na ng'ambo vilima vya Donegal.

Magilligan, feri ya msimu ikiwa inafanya kazi, inavuka kwenda Greencastle, fupi na inashawishi. Greencastle ni Jamhuri ya Ireland. Kama huna visa yake, iangalie tu ikiondoka.

## Hatua ya 11: Derry na kurudi

Egesha, panda ukuta wa mji, uzunguke wote kwa miguu, ni chini ya kilomita mbili. Derry iko kando ya mpaka kabisa na simu yako inaweza kushika mtandao wa upande wa pili ukakatwa bando la roming, chagua mtandao wewe mwenyewe kwenye setingi.

Kurudi Belfast sasa mruhusu mwenye haraka, yaani simu. Itakupa A6 kupitia Glenshane, kilomita 110 na kitu. Jaza mafuta karibu na unaporudisha gari, piga picha ya geji na video nyingine ya gari zima kabla hujatoa funguo, na risiti ya sheli usiitupe mpaka ile dhamana irudi kwenye kadi.